Dai la ardhi ya mababu: Tume ya Ardhi Nairobi au Mahakama ya Arusha?

Nchini Kenya, jamii ndogo zilizofurushwa misituni zina milango miwili, miongoni mwa mingine, ya kupeleka madai yao.

Tume ya Kitaifa ya Ardhi iko karibu. Kifungu cha 15 cha sheria yake kinahusu dhuluma za kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Tatizo ni muda: sheria ilitoa miaka 5 tu ya kuwasilisha madai, ikaisha 2021. Kwa waliopokonywa kwa zaidi ya karne, huo ni muda mfupi mno.

Arusha, yaani Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Tanzania, ni safari ndefu. Kenya haijatoa tamko la kuruhusu wananchi wake kuishtaki huko moja kwa moja, hivyo lalamiko hupitia kwanza Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, walilalamika 2009. Kesi ikafika mahakamani 2012, hukumu ikatoka 26 Mei 2017, na fidia 23 Juni 2022: shilingi 57,850,000 za hasara ya mali, 100,000,000 za madhara mengine, pamoja na amri ya hatimiliki ya pamoja. Kwa uzito wa hukumu, Arusha inashinda. Ila haina askari wa kuitekeleza: Novemba 2023 Waogiek walifurushwa tena Mau, nyumba zao zikabomolewa.