Risoto iliyofika kabla ya mkate

Mgahawa huu unajitambulisha kuwa wa Kiitaliano wa asili, na menyu yake imeandikwa kwa uangalifu unaomfanya msomaji aamini kwamba jikoni kuna watu wanaoijua kazi yao. Kwa ajili hiyo mimi na mume wangu tuliuchagua kwa chakula cha jioni tulichokuwa tumekingoja kwa hamu, na kwa ajili hiyo hiyo ninaandika kwa uchungu, kwani tulicholetewa hakikufanana na kilichoahidiwa.

Tuliagiza risoto ya uyoga, tambi za cacio e pepe na piza ya Margherita ya kula pamoja. Risoto ilifika kabla hata ya kikapu cha mkate, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka. Chakula hiki hupikwa kwa mchele wenye wanga mwingi, kama vile Arborio au Carnaroli, ambao hukaangwa kidogo kwenye siagi kisha huongezewa mchuzi wa moto upawa baada ya upawa huku ukikorogwa, na kazi hiyo huchukua dakika 16 hadi 20, mpishi awe hodari namna gani. Nilipochota kijiko cha kwanza, shimo lilibaki pale pale kwenye sahani, ilhali risoto iliyopikwa vizuri hutandaa taratibu na kuliziba pengo hilo yenyewe. Ukingoni ilikuwa ya moto wa kuunguza ulimi na katikati ilikuwa baridi, jambo ambalo kwangu lilionyesha kuwa imepashwa kwenye maikrowevu. Sipingi jikoni kuupika mchele nusu mapema. Migahawa mingi hufanya hivyo inapotarajia wateja wengi, na ukimaliziwa kwa mchuzi wa moto, siagi na jibini, matokeo huwa mazuri. Huu haukumaliziwa kwa chochote.

Tambi ndizo zilizonisikitisha zaidi. Cacio e pepe ni chakula cha Roma chenye viambato vitatu tu: tambi, jibini la pecorino na pilipili manga. Utamu wake wote umo katika mikono ya mpishi, ambaye huchukua maji kidogo yaliyochemshiwa tambi, yenye wanga, akayachanganya na jibini lililokunwa laini mpaka rojo likashika kila uzi wa tambi bila kufanya mabonge. Krimu haimo kabisa. Bakuli langu lilijaa krimu nzito iliyoanza kuganda juu, na chini yake kulikuwa na maji yaliyojitenga, ishara kwamba tambi hazikuchujwa ipasavyo wala hazikuunganishwa na rojo juu ya moto. Pilipili manga ilikuwa unga wa kijivu usio na harufu, si punje zilizopondwa papo hapo. Nazo tambi zenyewe zilikatika kwa kuguswa na uma, wakati zilipaswa kuwa na ukinzani kidogo zinapoumwa. Chakula chenye viambato vichache namna hii hakimwachii mpishi mahali pa kufichia uzembe, na ndiyo maana mimi hukitumia kuupima mgahawa nisioujua.

Kuhusu piza, menyu inataja kwa fahari kwamba ufundi wa waoka piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na inaahidi piza ya tanuri la kuni. Piza ya namna hiyo huokwa kwa sekunde 60 hadi 90 katika joto linalozidi nyuzi 400 za Selsiasi, na ndiyo maana ukingo wake huvimba na kupata madoa meusi huku katikati pakibaki laini. Tanuri lilionekana vizuri kutoka mezani kwetu: halikuwa na moto, na ndani yake yalikuwa yamepangwa maboksi ya kubebea piza. Tuliyoletewa ilikuwa kavu, ngumu na ya rangi moja kuanzia ukingoni hadi katikati.

Nilimwita mhudumu, kijana mwenye adabu, nikamwambia, “Samahani, kaka, tanuri halijawashwa, nasi tumeagiza piza ya kuni.” Aliinamisha macho, akaenda kumwita meneja. Meneja alieleza kuwa wateja wengi hawaoni tofauti, na kwamba krimu huwekwa kwa sababu ndivyo wateja wanavyopenda. Jibu hilo lilinikera kuliko chakula chenyewe. Ikiwa wateja wanapenda krimu, iandikwe kwenye menyu, nami nitachagua nikijua; kutumia jina la chakula kingine ni kumnyima mteja haki ya kujua analipia nini. Alijitolea kuiondoa piza kwenye bili, nasi tulikubali, lakini risoto na tambi tulizilipia kikamilifu.

Tiramisu, kitindamlo cha kahawa, nakiri, ilikuwa nzuri: kahawa ilisikika, jibini laini la mascarpone lilikuwa jepesi na sukari haikuzidi.

Sitarudi huko kwa sasa. Anayekusudia kwenda aulize kabla ya kuagiza kama tanuri limewashwa na risoto itachukua muda gani, na akiambiwa kuwa itakuwa tayari baada ya dakika tano, aagize kitu kingine.