Fidia na uhamisho wa familia mjini Malindi: tathmini ya huduma baada ya hundi kulipwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ambayo familia ya mjini hupewa nyumba yake inapoangukia kwenye njia ya barabara, reli, bandari au uwanja wa ndege: kuthaminiwa, kuitwa kwenye kikao cha madai, kulipwa fidia, kisha kuhama. Hakuna anayeiomba, wala aliyehamishwa hawezi kuiacha akatafute mtoaji mwingine, na kwa sababu hiyo hasa inastahili kupimwa kwa ukali kuliko huduma tunazozinunua kwa hiari yetu. Nimeifuata kwa karibu kupitia kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya marehemu babu yetu hapa Malindi hadi ilipobomolewa kupisha mradi wa usafiri. Mradi huo na washauri waliouhudumia sitawataja. Naeleza utaratibu, na utaratibu huu unaweza kumfika yeyote mwenye nyumba karibu na njia kuu.

Nianze na uthamini, kwa sababu ndipo huduma ilipofanywa vizuri zaidi. Kijana aliyetumwa alibisha hodi, akamwamkia shangazi kwa shikamoo, akaeleza kazi yake kwa Kiswahili kilichonyooka kabla ya kutoa kipimo chake. Alipima kila chumba, ukumbi na uwani. Akagonga kuta za matumbawe na chokaa kujua zilivyo imara. Akahesabu milango na madirisha, akaandika minazi miwili na mlimau. Hakuharakisha wala hakumkaripia mtu. Alipofika barazani akaandika urefu, upana na kwamba sakafu ni ya saruji. Baraza hiyo ndiyo iliyokuwa duka la shangazi. Kila alfajiri alikaanga mahamri pale na kuuza mbaazi za nazi kwa vijana wa bodaboda, walimu na watoto waendao shule, na wateja wake wengi walilipa mwisho wa wiki kwa sababu walijuana naye tangu utotoni. Katika fomu ya uthamini biashara hiyo haikuonekana popote. Kulikuwa na saruji tu, na mita zake za mraba.

Kisha akauliza, kwa adabu ileile, "Mama, mwenye nyumba ni nani?"

"Mwanangu, mwenye nyumba ametangulia mbele ya haki. Sisi ni wanawe, na hawa ni wajukuu wake, na hao wa vyumba vya nyuma ni wapangaji."

Kijana akasita na kalamu mkononi, kwani fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.

Swali lile lina uzito wa pekee katika miji ya pwani. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao ili ziandikishwe, sehemu kubwa ya viwanja ilibaki katika majina ya wachache, na wengine walijenga juu ya ardhi wasiyoimiliki kwa kulipa kodi ya kiwanja. Ndiyo maana Malindi na Mombasa tuna nyumba zisizo na ardhi: kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba ni ya mwingine, na vyumba vinakaliwa na watu wa tatu. Mradi unapopita, watu wote hao wanapoteza kitu, lakini huduma humtafuta kwanza mwenye hati, ambaye mara nyingi haishi pale na hatalazimika kuhamisha hata kiti. Katiba ya mwaka 2010 iliona jambo hili. Kifungu cha 40 kinadai fidia ya haki, kamili na bila kukawia, na ibara yake ya nne inaruhusu kuwalipa wakaaji wa nia njema hata kama hawana hati. Kuruhusu na kulazimisha ni mambo mawili tofauti, na mpangaji ndiye anayeumia katika nafasi iliyo kati yake. Wapangaji wa vyumba vya nyuma pale kwa shangazi waliambiwa tarehe ya kuondoka, wakaondoka. Mmoja wao alikuwa mshonaji aliyekaa mtaani miaka mingi. Hakuitwa kwenye kikao chochote.

Lakini udhaifu mkubwa zaidi wa huduma hii, na ndio ulionisukuma kuandika, unahusu wale waliolipwa. Nyumba ya babu ilikuwa ya warithi sita, wana wawili na mabinti wanne, na kwa miaka yote haikugawanywa. Hakuna aliyeona haja. Shangazi mjane aliishi humo na wanawe. Ndugu yake aliyefilisika Mombasa alirudi akapewa chumba. Binti aliyeachwa alirudi na watoto wake, naye akapewa kona. Kodi ya vyumba vya nyuma ililipa maji, umeme na kodi ya kiwanja. Kila mrithi alikuwa na haki ya paa zima, na ndiyo iliyowapa usalama. Siku nyumba ilipogeuzwa fedha, haki hiyo ikageuka hisa. Fedha ya marehemu haina budi kugawanywa kwa mirathi, na hilo ni sawa kisheria na kidini. Mahakama ya kadhi ilifanya kazi yake kama ipasavyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaeleza warithi mapema kitu gani kitatokea baada ya hesabu ile.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi. Tuseme nyumba imethaminiwa shilingi 1,600,000. Kanuni za fidia za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu, kwa hiyo jumla ni shilingi 1,840,000. Katika mirathi ya Kiislamu mwana hupata hisa mbili na binti moja, kwa hiyo kwa wana wawili na mabinti wanne zinapatikana hisa nane, kila hisa shilingi 230,000: binti anapata hiyo, na mwana anapata 460,000. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kununua kiwanja karibu na mji, achilia mbali kujenga. Nyumba iliyowahifadhi wote sita na vizazi vyao imelipwa kwa thamani yake kamili, hakuna aliyeibiwa senti, na bado kila mmoja ametoka akiwa mpangaji. Hiki ndicho kilichotokea kwetu. Shangazi sasa amepanga vyumba viwili upande wa Ganda, ndugu yake amerudi Mombasa, na binti aliyekuwa na kona yake amehamia kwa mkwewe, mahali ambapo hakutaka kuishi. Ukiangalia faili la mradi, familia hii imehudumiwa ikamalizika.

Familia ya jirani, iliyokuwa katika hali kama yetu, inaonyesha kwamba mambo yangeweza kwenda vingine. Kaka yao mkubwa aliwakalisha ndugu zake kabla ya hundi kutoka, wakakubaliana kila mmoja aache hisa yake katika fungu moja. Walinunua kiwanja kimoja kilichopimwa nje kidogo ya mji, wakajenga nyumba ya vyumba vingi vidogo, na majina yao yote yameandikwa kwenye mkataba. Ni mbali, na ujenzi haujakamilika, lakini mjane wao ana paa na watoto wao wanakula pamoja. Walichofanya hakikutokana na huduma. Kilitokana na bahati ya kuwa na ndugu mwenye busara na sauti. Huduma inayotegemea bahati hiyo haijakamilika, hasa ikikumbukwa kwamba Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inataja ardhi mbadala kuwa aina mojawapo ya fidia. Kama shangazi na ndugu zake wangewekewa mezani kiwanja kimoja badala ya hundi, nina hakika wangekichukua.

Nimejiuliza kama kuna mahali ambapo huduma ya namna hii imehesabu watu badala ya hati. Mumbai, nchini India, inastahili kutajwa. Mradi wa usafiri wa jiji hilo, uliokopeshwa na Benki ya Dunia mwaka 2002, ulihamisha watu wapatao 100,000 waliokuwa wakiishi kandokando ya reli na kwenye njia za barabara mpya. Familia iliyoorodheshwa ilipewa nyumba ya ghorofani yenye futi za mraba 225, kama mita za mraba 21, hata kama haikuwa na hati ya ardhi. Kwa mtu wa Malindi aliyezoea kuona mpangaji akiondoka mikono mitupu, hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo ghorofa zina lifti na pampu za maji zinazodai malipo kila mwezi, na familia iliyokuwa ikijipatia riziki chini, mlangoni pake, haiwezi kuuza kitu ghorofa ya sita. Wenye maduka walikuwa miongoni mwa waliopeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia mwaka 2004, na Machi 2006 benki ikasimamisha malipo ya sehemu za barabara na uhamisho hadi Juni mwaka huo. Kumbe hata nyumba ikipatikana, baraza huweza kupotea.

Hapa kwetu Kenya, Shirika la Reli lilijenga nyumba ndogo na vibanda vya biashara Kibera na Mukuru, kando ya reli yenyewe, ili waliokuwa wamejenga karibu mno na njia ya treni wasogezwe bila kutolewa katika mji wao. Naupenda uamuzi huo wa kuwaacha watu karibu na wateja wao. Kibera hiyohiyo, tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu, pamoja na shule, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, kabla mpango wa kuwahamisha haujatekelezwa.

Kuhusu riziki, mfano ulio karibu nasi ni wa Lamu. Wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu hawakuwa na hati ya bahari, lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ya hapa Malindi iliwatambua na kuamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wakiwa wavuvi wapatao 4,600. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 huku wengi wao wakiwa bado wanasubiri malipo. Kama mahakama iliweza kuona thamani ya mkondo wa samaki usio na hati, sioni kwa nini fomu ya mthamini isiwe na mstari wa mahamri. Kanuni za 2017 zenyewe zinataja gharama za kuhama na upungufu wa faida kuwa mambo yanayoweza kudaiwa. Shangazi hakudai, kwa kuwa hakujua, na karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza. Sasa anakaanga mahamri huko aliko, lakini majirani wapya hawajui mkono wake, wengi hujipikia, na akitaka kuwafuata wateja wa zamani nauli ya tuktuk humaliza faida kabla ya saa mbili asubuhi.

Malipo yenyewe yalipita benki bila mizengwe, ingawa yalichelewa. Tangazo lilitolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo mtaani kwetu halisomwi na mtu. Wengi walisikia habari kwenye baraza la chifu.

Kwa mwenye hati, anayeishi kwingine na mwenye kiwanja kilicho wazi, naweza kusema huduma hii inatosha. Kwa familia ya warithi inayoishi pamoja katika nyumba isiyogawanywa haitoshi, na kwa mpangaji ni kama haipo. Mtu ambaye ukuta wake umekwisha kupakwa alama nyekundu asingoje hundi. Dai la maandishi linapaswa kufika kabla ya siku ya kikao au siku hiyohiyo, kwa hiyo aandike mapema kila biashara inayofanyika nyumbani, hata ya barazani, pamoja na makisio ya mauzo na picha. Aorodheshe wapangaji kwa majina na miaka waliyokaa. Aende kwa kadhi, au mahakama inayomhusu, kushughulikia mirathi ya aliyefariki kabla fedha haijaingia kati ya ndugu. Na familia ikubaliane iwapo itaomba kiwanja badala ya fedha, kisha iombe kwa maandishi. Asiyeridhika na kiwango anaweza kwenda kwenye Baraza la Utwaaji wa Ardhi (Land Acquisition Tribunal) lililoundwa na marekebisho ya 2019, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo chake hapahapa Malindi. Mshonaji wetu wa vyumba vya nyuma sasa anakusanya risiti zake za kodi ili aende kuuliza kama bado hajachelewa, na nimemwahidi kwamba nitakwenda naye.