TAHADHARI: boti ya tanga "ya mzungu" inayouzwa Kigoma, mimi nimeshalizwa

Wadau wa Kigoma na wote mnaotafuta vyombo vya majini someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anazungusha kwenye magrupu picha za boti ya tanga, futi 38, nyeupe, ile ambayo nahodha anakaa katikati na usukani wa duara halafu nyuma yake kuna chumba cha kulala, inavutia kwa kweli sitaki kudanganya, anasema ni ya mzungu alikuwa anafanya utafiti Mahale sasa anarudi kwao ndo maana anaitupa kwa milioni 22. Mimi muda mrefu nataka chombo changu cha kupeleka wageni Gombe, nimechoka kukodi maboti ya watu pale Kibirizi, nikaona mchongo ndo huu.

Akaniambia boti iko Ujiji, imepandishwa mchangani inasubiri mteja. Nikamwambia kesho nakuja kuiona, akasema kuna mtu wa Bujumbura kashafika bei, kama niko siriasi nitume milioni moja na laki nane ya kushikia. Nikatuma. Msinicheke. Jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke, akasema shemeji yake, nikakubali. Asubuhi nafika Ujiji hakuna boti wala alama ya boti, napiga simu naambiwa imeshushwa usiku imepelekwa Kipili kurekebishwa injini, nitume laki tatu na nusu ya mafuta irudi. Kipili jamani! Huko Rukwa, siyo pua na mdomo na Ujiji.

Hapo ndo akili ikanirudia nikampelekea picha mzee mmoja fundi wa maboti Kibirizi. Shikamoo, marahaba, kapokea simu, kaivuta picha ikawa kubwa kwa vidole vyake vyenye lami, na wala hakuangalia boti, aliangalia nguzo ya gati iliyo nyuma yake. Chini nguzo imeloa na imeota magamba meupe mpaka kama usawa wa kifua, juu yake kavu kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, ziwa letu hili lina maji kupwa na maji kujaa?" Nikabaki nimeduwaa. Ziwa Tanganyika linapanda kwa misimu na kwa miaka, tuliona 2020 na 2021 lilivyokula fukwe, ila halishuki asubuhi likapanda jioni. Ile picha ni ya baharini, huko huko ulaya sijui wapi.

Akaendelea. Picha nyingine inaonyesha boti ikiwa nje ya maji, ina mkuku mrefu chini kama pezi, unashuka karibu mita mbili. Maboti yetu ya mbao tumbo lake linakaa mchangani, vijana wanasukuma linapanda. Chombo chenye mkuku ule ukikiburuta ufukweni kinalala ubavu, mpaka ukinyanyue kwa winchi na kukiwekea magogo pembeni. Sasa Ujiji kilipandishwa na nani?

Na kilifikaje? Kutoka baharini hakuna njia ya chombo kuingia ziwani. Meli yetu kongwe ya ziwani, Liemba yenyewe, ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja na meli mpaka Dar, halafu reli, ikaungwa hapahapa Kigoma. Boti futi 38 nyeupe pee na mlingoti wake ingeletwa huku mwisho wa reli mji mzima tungekuwa stesheni tunapiga picha. Mimi mwenyewe mzaliwa wa hapa sikujiuliza hilo, tamaa tu.

Karatasi ya usajili aliyonitumia huyo tapeli nikaipeleka TASAC, wale wa serikali wanaosajili vyombo vya majini, namba haipo. Ningeanza na hilo ningekuwa na hela yangu, kuuliza tu, nusu saa. RB nimechukua polisi, ile namba ya simu haipatikani tena.

Juzi rafiki yangu wa Tabora kanitumia tangazo, boti ileile, sasa iko Kasanga, mzungu kawa mmisionari na bei imeshuka milioni 17. Anabadilisha namba na maneno lakini picha habadilishi. Angalieni nyuma ya usukani kuna ndoo ya bluu imefungwa kamba nyekundu. Ukiiona hiyo ndoo, ni yeye.