Mafunzo ya kusimulia visa, Himbi: Jumamosi tatu za faida na moja ya hasara

Nililipa dola 10 kwa Jumamosi 4 za mafunzo ya kusimulia visa katika mazungumzo ya kawaida, yanayotolewa katika ukumbi mdogo mtaani Himbi, hapa Goma, kwa sababu nilichoka kuona wenzangu wakishika simu kila nilipoanza kueleza jambo.

Siku ya kwanza mwalimu, mama aliyefanya kazi redioni kwa miaka mingi, alimtaka kila mmoja asimulie jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka. Zoezi hilo lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana, maana wote tuliiona anga ile nyekundu na hakuna ambaye angemshangaza mwenzake kwa habari yenyewe. Wengi tulianzia mbali, kwenye lava ya 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, tukafuata na nyumba za Buhene, pembezoni mwa mji, zilizoteketea 2021, na miayo ikaanza. Aliyetunyamazisha ni kijana msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo: mama yake, alisema, alikataa kutoka nyumbani kabla ya kuepua sufuria ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hapo akanyamaza, nasi tukauliza kwa pamoja, "Halafu?" Mwalimu alitueleza kwamba msimuliaji hulisubiri swali hilo, na kwamba anayejibu kabla ya kuulizwa huwanyima wasikilizaji nafasi yao katika kisa.

Jumamosi mbili zilizofuata tulijifunza kutaja maneno yenyewe ya mtu badala ya kusema tu kwamba "alikasirika", na kuacha majina ya ndugu wasio na kazi katika kisa. Nimeyajaribu hayo ndani ya boti ya kwenda Bukavu, na mzee niliyeketi naye, ambaye alikuwa amekwisha kujifunika koti alale, alilifunua akaniambia, "Endelea, mwanangu."

Jumamosi ya nne, kwa maoni yangu, haikustahili malipo, kwani tulifundishwa kutoa hotuba kwa kipaza sauti, jambo lisilohusiana na maongezi ya watu watatu mezani. Tena tulikuwa wengi mno, kiasi kwamba kila mmoja alipata zamu mbili tu kwa siku. Hata hivyo ningelipa tena kwa ajili ya zile tatu za mwanzo. Atakayejiandikisha afike mapema na aketi mbele, kwa kuwa jenereta ya jirani hufunika sauti kwa walio nyuma.