Kufuli ya umri kwenye PS4: uzoefu wangu na mtoto wa miaka 10

Nilinunua PS4 (PlayStation 4, mashine ya gemu) iliyotumika Kariakoo kwa ajili ya mwanangu. Alitaka mpira, basi. Kijana wa dukani akaniambia, "Mama, hii imeshajaa gemu, huna haja ya kununua nyingine." Kweli ilikuwa imejaa: FIFA ya mpira, Naruto, GTA V ya uhalifu na bunduki, Mortal Kombat X ya kupigana, zote ndani ya mashine, bila kava wala CD. Shida yetu inaanzia hapo, kwa sababu alama ya umri huchapwa kwenye kava, na kava lenyewe hatulioni. GTA V na Mortal Kombat X zina alama ya 18 ya PEGI, mfumo wa Ulaya. Marekani wanazipa M, yaani kuanzia miaka 17. Nyumbani kwangu Tabata zilikuwa picha mbili tu kwenye skrini, zimepangwa jirani na mpira.

Nieleze nilichokiona, maana wazazi wengi tukisikia gemu za kupigana tunafikiria ngumi na mateke. Kwenye Mortal Kombat X, iliyotoka 2015, kuna pigo linaitwa X-Ray. Mwendo unapungua, kamera inaingia ndani ya mwili, unaona fuvu linapasuka na mifupa inavunjika, halafu aliyepigwa anainuka na pambano linaendelea. Mwishoni inakuja fatality: mshindi anamchana aliyeshindwa vipande, na kamera haigeuki pembeni. Mwanangu alishajua abonyeze nini kwenye pedi ili itokee. "Mama, ni gemu tu, hafi mtu." Mdogo wake wa miaka mitano alikuwa nyuma yake kwenye mkeka, amejifunika uso kwa kanga yangu, jicho moja nje. Huyo hakuomba kucheza chochote. Nikaizima palepale na usiku ule nikatafuta kufuli.

Kufuli ipo, na ni ya bure. Unaingia Settings, unafungua Parental Controls/Family Management, kisha vizuizi vya mashine yenyewe. Itakuomba namba ya siri, na namba inayotoka nayo kiwandani ni 0000. Ibadilishe kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu mtoto anayejua kupakua programu kwenye simu yako atajaribu 0000 kabla hujamaliza kupika. Kisha weka kiwango cha umri kwa gemu, na zuia kuongeza mtumiaji mpya na kuingia kama mgeni. Sehemu hii haidai intaneti, kwa hiyo hata bando likiisha kufuli inabaki. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mashine inasoma umri ulioandikwa ndani ya gemu yenyewe, kwa hiyo kukosekana kwa kava hakukuharibu kitu. FIFA ikafunguka kama kawaida. GTA na Mortal Kombat zikagoma. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu, na mzazi asiyejua kabisa mambo ya gemu ataiweza.

Yapo yanayoniudhi pia. Kufuli inajua umri tu. PEGI wana picha ya ngumi kuonyesha vurugu, na ESRB, wanaotoa alama za umri Marekani, huandika kabisa kama kuna damu na viungo kukatwa, lakini huwezi kuiambia mashine ifunge za kuchana miili na iache za risasi za mbali. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa. Mtoto kumlenga adui anayeanguka na kutoweka si sawa na mtoto kuangalia utumbo kwa mwendo wa polepole. ESRB yenyewe ilianzishwa 1994, baada ya Seneti ya Marekani kujadili gemu hizi, Mortal Kombat ya kwanza ikiwemo. Miaka yote hiyo, na bado mzazi anapewa namba moja tu ya kuchagua.

Tatizo jingine ni YouTube. Nilishafunga kila kitu, nikamkuta anaangalia mkusanyiko wa fatality, moja baada ya nyingine, kwenye PS4 ileile. Kufuli ya gemu haifiki huko. Inabidi uzuie kivinjari kwenye vizuizi vilevile, na YouTube uiwekee vizuizi vyake ndani yake, au uifute kabisa. Mimi nimeifuta.

Na kuna banda la gemu mtaani. Mabanda mengi bado yanatumia PS2, PlayStation ya zamani, na PS2 ina kufuli ya filamu za DVD tu, gemu haizigusi. San Andreas, GTA ya zamani, inachezwa pale mchana kutwa na watoto wenye sare za shule. Nilikwenda kuzungumza na mwenye banda kwa heshima. Alinisikiliza, akasema mteja ni mteja. Kwa hiyo mwanangu anacheza nyumbani, na wenzake wanakuja kwetu kucheza mpira. Makelele ni mengi, ila navumilia.

Sisemi gemu zitamfanya muuaji. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha na uhalifu wa kikatili, ingawa kilikubali kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida kama kufoka na kusukumana. Kufoka na kusukumana ndiko ninakoishi nako kila siku, nyumba ina watoto wawili na sebule moja. Na hata kusingekuwa na uhusiano wowote, binti wa miaka mitano hana sababu ya kujua fuvu linavyopasuka.

Kama unanunua ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe, akuonyeshe gemu zote zilizomo, na azifute za 18 ukiwa umesimama hapo. Wa kwangu alinieleza baadaye kwamba angefanya hivyo bila malipo, ila hakuna mzazi anayemwomba.