Kozi ya mikoko na milango ya mito: fildi 5/5, darasani hapana

Wengi wananiuliza kama wachukue hii kozi ya ardhi oevu za pwani au waende kwenye ya samaki. Mimi nasema chukua, ila kama tope linakukera jiandae kisaikolojia.

Utamu wote uko fildi. Ratiba inafuata bamvua maana ndo maji yanakupwa mbali, mnaingia asubuhi mnavuta kamba kutoka baharini kuelekea nchi kavu na mistari ya aina za miti ya mikoko unaiona live, mlilana mbele kabisa unapigwa na maji, katikati mkoko wenyewe, ile aina yenye jina la kundi zima, na mizizi yake ya kujishikiza, nyuma mkandaa, halafu mchu unaukuta mbele na tena kule nyuma kwenye chumvi kali, huo mti hauchagui jamani. Kilichonikosha zaidi ni kupima mashina. Mti wa kawaida unapima kipenyo kwenye usawa wa kifua, mita 1.3, sasa mkoko mizizi yake inaweza kuanzia juu ya hapo, tepu unaweka wapi? Fundi wa maabara akatuonyesha, tafuta mzizi wa juu kabisa, panda sm 30, zungusha hapo. Kwenye slaidi hicho kitu hakipo.

Halafu lile bomba la kutolea udongo! Mnasukuma wawili, mnavuta wanne, likitoka linanuka yai viza, huko chini hakuna oksijeni na bakteria wanatumia salfeti (chumvichumvi ya maji ya bahari) badala yake, ndo wanatoa hiyo gesi inayonuka. Lakini kaboni nyingi ya msitu wa mikoko iko kwenye hilo hilo tope kuliko kwenye miti, ndo maana mnateswa nalo. Siku ya boti nayo safi, unapima chumvi juu na chini sehemu moja unakuta juu maji karibu matamu na chini ni bahari kabisa, maji ya mto mepesi yamepanda juu ya ya bahari.

Sasa darasani. Slaidi za zamani, picha hazionekani, majina ya Kilatini ya kukariri kama dua, na takwimu kwa R (programu ya kompyuta ya kuchambua data) zinaletwa mwishoni wakati data mmeshakusanya kienyeji. Ila kinachoniuma ni upandaji wa mikoko kupewa lekcha moja ya haraka. Miradi kibao inafeli kwa sababu miche inachomekwa kwenye tope tupu la chini linalokaa na maji muda mrefu mno, wakati sehemu nyingi ukifungua tu njia ya maji iliyozibwa na kukiwa na miti jirani, mbegu zinakuja zenyewe na kuota. Hapo palitaka wiki nzima! Na wakata boriti na wavuvi wanaoishi na huo msitu hawakutajwa kabisa, utadhani mikoko inakua mwezini.

Ripoti zetu zilisahihishwa zikarudi baada ya mtihani, sijui zilitusaidia nini.

Ukienda vaa raba za kufunga kamba, gambuti zinabaki kwenye tope mguu ukitoka.