Bagamoyo hadi Kaole kwa miguu, njia ya pwani: uzoefu wangu

Wengi wanaokwenda kwenye magofu ya kale ya Kaole kutoka Bagamoyo mjini hupanda bodaboda au bajaji, wakapiga picha kwenye mbuyu, wakarudi. Mimi nawashauri muende kwa miguu mkifuata ufuo. Ni kama kilomita 5 tu, na sijapata matembezi niliyoyapenda zaidi kwenye pwani yetu hii.

Kwanza kabisa, jueni habari za maji. Waulizeni wavuvi pale soko la samaki maji yanatoka saa ngapi, mpange safari yenu kwa hesabu hiyo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana, mchanga unabaki mgumu na unatembea bila kuzama. Yakijaa, sehemu nyingine hazipitiki na itabidi mrudi barabarani. La pili, msiende peke yenu. Wenyeji watawaambia hivyo hivyo: kuna vipande vya ufuo visivyo na watu, na watembezi wamewahi kuporwa. Chukueni kijana wa hapo anayetembeza wageni, mkubaliane bei kabla ya kuondoka, na simu kaeni nazo mfukoni.

Mwanzoni mna majengo ya zamani mgongoni na madau yaliyolala ubavu mchangani. Mkishapita upande wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kelele za mji zinapungua, na baadaye mikoko inaanza. Hapa ndipo aliyetuongoza aliponiambia, "Dada, vua viatu kabisa, tope la huku halina adabu." Nilivua. Tope lilikuwa la uvuguvugu juu na baridi chini, na mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ilichomoza kila mahali kama misumari iliyogeuzwa, kwa hiyo kila hatua unaitafutia nafasi. Vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa vilikuwa vikiingia mashimoni kabla hujavifikia. Nilikaa hapo muda mrefu, wenzangu wakanisubiri.

Na hapo ndipo utakapoielewa Kaole. Ilikuwa bandari. Mchanga na tope vikaijaza, mikoko ikaota juu yake, vyombo vikashindwa kukaribia, biashara ikahamia Bagamoyo. Ukija kwa bajaji utasimuliwa hayo getini, na ni sawa. Lakini ukishatembea kwenye tope lenyewe, kisha ukasimama magofuni ukaitafuta bahari na kuona majani ya mikoko tu, hakuna haja ya mtu kukueleza.

Magofuni kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mmoja wao ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo. Zitazameni nguzo kwa karibu: kuna vishimo vya mviringo palipopachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa bado watu huliendea kwa dua, kwa hiyo wanawake bebeni mtandio, na sote tupunguze sauti. Kisima kina maji yasiyo na chumvi ingawa bahari iko jirani. Mbuyu nao una zaidi ya miaka 500 kwa maelezo ya watembezaji, na ukiuzunguka, wanasema, unaongezewa umri. Tuliuzunguka. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, hivyo beba kitambulisho.

Kilichoniuma ni plastiki. Chupa na mifuko imenasa kwenye mizizi ya mikoko, mingine imeshazikwa na tope. Mikoko ile ndiyo mazalia ya samaki tunaowala, na inasikitisha kuiona hivyo. Njiani pia hamna kibao hata kimoja cha kuelekeza, na kivuli ni cha kuokoteza, kwa hiyo kofia na maji ya kunywa ni lazima. Watoto wadogo na wazee sishauri wapitishwe kwenye mikoko. Wao waje kwa barabara mkutane Kaole.

Kurudi pandeni bodaboda. Mkimaliza kuzunguka magofu, maji yatakuwa yameshaanza kujaa, na njia mliyojia haitakuwepo tena.